Mstari wa Nane

Mama yake alizikwa Kivaa siku ya Jumatatu, na Alhamisi asubuhi Mutheu alikuwa ameshaketi mbele ya kompyuta katika duka la Habiba, Machakos mjini, akipunguza maneno. Ndiyo kazi yake. Alimaliza masomo ya utabibu miaka miwili iliyopita, ajira hakuna, basi huchukua kitabu kinene kama tofali na kukikamua mpaka kila ugonjwa uenee kwenye kadi moja inayotosha mfuko wa koti jeupe. Mistari minane, hauzidi hata mmoja. Wanafunzi humwita Mama Kadi, na wako waliofaulu mitihani bila kufungua kitabu, jambo ambalo wangepaswa kulionea haya lakini wanajisifia.

"Mutheu, si ungekaa nyumbani hata wiki moja?" Habiba alimwuliza, akimsogezea kikombe cha chai. Habiba ndiye mwenye duka, mwenye mashine za kutoa kopi, na mwenye maneno mengi. "Mimi mama aliponitoka sikushika hata kijiko."

"Niko sawa."

"Hauko sawa. Hata hujalia."

"Nitalia," Mutheu alisema, kama mtu anayeahidi kurudisha ndoo ya jirani.

Ukweli ni kwamba hakuhisi kitu. Ndugu zake walimpa kazi ya kuandika wasifu wa marehemu, kwa kuwa yeye ndiye msomi wao, na wasifu ulitoka mistari minane. Mchungaji aliumaliza kabla watu hawajakaa vizuri, akageuza karatasi kutafuta upande wa pili, akakuta peupe. Shangazi zake wamenuna mpaka leo, na huwezi kuwalaumu. Mwanamke aliyelima Kivaa miaka arobaini na kuimba kanisani kwa sauti ya kuamsha mbuzi, mwanawe akamfupisha hivyo.

Saa nne hivi akaingia kijana mrefu, kofia mkononi. Alikuwa Nzuki, tabibu wa zahanati moja upande wa Masinga, si mbali na Kivaa, mteja wa kadi tangu akiwa chuoni. Alikataa chai. Akaketi kwenye benchi, mgongo ukielekea ukuta.

"Pole, Mwalimu."

"Asante, Nzuki."

"Sikujua ni mama yako. Nimejua Jumatatu, nikiona watu wanaenda mazishi. Ni mimi nilimwona. Alikuja akisema tumbo inamsumbua, amechoka, anataka kutapika. Akaniambia ako na sukari. Nikamuuliza kifua, akasema haiumi. Nikauliza tena. Nikampatia dawa ya vidonda vya tumbo, nikamwambia aende nyumbani."

Yaliyofuata Mutheu aliyajua. Kesho yake mama alifikishwa hospitali kubwa akiwa ameshakata roho, na wakasema ni moyo.

"Nilifuata kadi yako," Nzuki alisema. "Lakini daktari mzuri angejua. Nimeandika barua ya kuacha kazi. Naipeleka leo."

Akaitoa kadi mfukoni na kuiweka mezani. Ilikuwa kadi ya mshtuko wa moyo, imechakaa pembeni. Mutheu aliisoma kama iliyoandikwa na mtu mwingine. Mstari wa kwanza ulisema: Kifua hakiumi? Fikiria tumbo. Mstari wa nane ulisema: Imetayarishwa na Mutheu, kisha nambari yake ya simu.

Akainua macho ukutani. Hapo, juu ya kichwa cha Nzuki, Habiba alikuwa amebandika kadi ya kwanza kabisa kuchapwa dukani humo, ya ugonjwa huohuo, ili wateja waone mfano. Ilikuwa imepauka lakini ilisomeka. Mstari wa nane ulikuwa huu: Ila mwenye kisukari, moyo unaweza kushikwa bila kifua kuuma.

Alikumbuka. Kulikuwa na watu wa mji wa Tala waliokuwa wakitoa kopi za kadi zake na kuziuza kama zao, naye akapandwa na hasira. Alitaka jina lake liwepo, na jina lilihitaji mstari. Akauchagua huo wa nane kwa sababu haukuwahi kuulizwa kwenye mtihani. Kuufuta hakukumchukua hata muda wa kupoza chai.

Angeweza kunyamaza. Nzuki alikuwa hajageuka. Angerudi Masinga na barua yake, abebe mzigo wote peke yake maisha yake yote, na hakuna ambaye angeusoma ule ukuta. Mutheu alingoja ahisi aibu, haikuja. Alisimama hivyohivyo, akaibandua kadi, akailaza kando ya ile ya Nzuki.

Nzuki alisoma moja, akasoma nyingine.

"Niliutoa mimi," Mutheu akasema. "Ili jina langu lipate mahali. Hiyo barua usiipeleke. Wewe ulikosa kile nilichokunyima."

Nzuki alifunika uso kwa kofia, mabega yakitikisika. Mutheu alimtazama akilia, akamwonea wivu.

Kisha akarudi kwenye kompyuta. Akaifungua kadi, akafuta nambari ya simu, akafuta jina lake herufi moja moja, akauandika ule mstari mahali pake.

Habiba alikuwa amesimama nyuma yake. "Ongeza jina hapo chini hata kwa herufi ndogo, jameni. Wale wa Tala wataiba tena."

"Waibe," alisema Mutheu. "Waibe zote."

Habiba alichapa, akaipitisha kadi kwenye mashine ya kuivisha plastiki, akampa. Ilikuwa bado moto. Mutheu akaanza kuusoma mstari wa nane kwa sauti, kuhakikisha hakuna kosa, kama afanyavyo kila mara. Alifika kwenye neno kisukari, na hapo akashindwa kuendelea.