Meno ya Viatu vya Rawya

Haya kanihadithia Ghanim mwenyewe, mwaka 2001, wiki moja baada ya kutokea, siku aliyokuja kunitengenezea geti. Alikuwa akigonga nyundo huku akicheka peke yake, mpaka nikamwambia akae kitako, anywe kahawa, aniambie kinachomchekesha.

Basi Ghanim ana gereji yake mtaa wa Ghala, hapa Maskati, na mle ndani, nyuma ya magari, ana jiwe la kunolea linalozunguka kwa umeme. Lile jiwe ndiyo fahari yake. Visu vya wavuvi wa Sidab ananoa yeye, mikasi ya mafundi cherehani ananoa yeye, hata mbuzi za kukunia nazi watu wanazitoa majikoni wakampelekea. Ukimpa Ghanim chuma hawezi kukurudishia kilivyo. Lazima akitie mkono.

Kaka yake, Thabit, anakaa Al Amerat, ng'ambo ya milima, na mkewe Sabah na mtoto wao Rawya. Rawya alikuwa na miaka saba na miezi minne, meno mawili ya mbele yameng'oka, na hana alipendalo duniani kama kuteleza kwenye barafu. Mtaa wa Khuwair kuna ukumbi wa barafu. Nje jua linayeyusha lami, ndani watu wamevaa masweta. Miaka miwili mizima Thabit alikuwa akimtoa mtoto kitandani baada ya sala ya alfajiri, akamvusha milima kwa gari, ateleze saa moja kabla ya skuli. Hakuwahi kulalamika. Mwaka ule mtoto akaandikishwa kugombea ubingwa wa nchi. Wenzake walikuwa sita, na mdogo wao ana miaka kumi na tatu.

Mashindano ni Alkhamisi asubuhi. Jumatano adhuhuri Thabit kaja gereji na viatu vya mtoto, vyeupe, na chini vina chuma chembamba kama kisu. Anayevinoa pale ukumbini kasafiri kwao, na chuma kimeshakuwa butu.

"Nitilie makali, Ghanim. Kidogo tu."

"Weye nenda zako. Mtoto wa ndugu yangu atapata makali ya kukatia hewa."

Ghanim kavigeuza. Kaona katikati ya chuma pana mfereji mwembamba, kajua una kazi yake, kaupitishia jiwe dogo taratibu. Kisha kaona mbele, penye ncha, pana meno. Meno hasa, kama ya mbuzi ya nazi. Akakumbuka siku aliyokwenda kumtazama Rawya: mtoto kainama mbele, yale meno yakashika barafu, akaanguka kifudifudi. Akasema moyoni, kumbe wenye kiwanda hawakumaliza kazi! Akayasaga moja moja mpaka ncha ikawa laini kama kijiko. Akavipaka mafuta, akavifunga kwenye kitambaa chake cha kilemba, na usiku ule akalala vizuri kama mtu aliyetenda jema.

Asubuhi wakakutana ukumbini. Rawya kavaa gauni la buluu linalonukia udi, maana Sabah alilifukiza tangu jana. Mwalimu wake, mwanamke wa Kirusi anayesema Kiarabu cha kuungaunga na watoto wanamwita Abla, kavipokea viatu. Kavitazama. Kavitazama tena. Kakaa kwenye benchi.

"Meno yako wapi?"

Ghanim kamjibu kwa furaha kwamba ameyatoa, yalikuwa yakimwangusha mtoto.

"Hayo ndiyo anayorukia!" Abla akapiga ukelele. "Anachoma barafu kwa meno, ndipo anapaa! Miruko mitatu, yote ya meno!"

Viatu vyengine vya mguu mdogo kama ule havikuwapo Maskati nzima, na zamu ya mtoto imebaki nusu saa. Ghanim kamtazama kaka yake. Thabit alikuwa akizungusha funguo za gari kidoleni, zile funguo za alfajiri zote zile. Kheri angemtukana. Aliyesema ni Sabah.

"Shemegi, na mimi ukiniona na pua utanipunguzia?"

Ghanim kapiga magoti mbele ya mtoto. "Mwanangu, ami yako mjinga. Nimekuharibia. Nisamehe."

Rawya kachukua kiatu, kapitisha kidole pale palipolainishwa. Kisha kacheka, pengo lote nje.

"Ami, umenifanyia kama vile vya mwanzo!"

"Vya mwanzo vipi?"

"Vya kukodi. Nilipoanza, vya wasichana vilikuwa vikubwa, nikapewa vya wavulana wanaocheza mpira wa fimbo juu ya barafu. Havina meno vile, na nilikuwa nikiruka." Akamgeukia mwalimu, akamwambia kwa Kiarabu, "Abla, tufanye miruko ile ya kurukia ubavu wa chuma. Nnaijua yote."

Abla kamkazia macho, kisha katoa kalamu, kwenye karatasi yake kafuta miruko mitatu na kuandika mitatu myengine. "Lakini mwisho usisimame kwa ncha," akamwambia. "Utaanguka."

Rawya akamnong'oneza Ghanim, "Usilie, ami. Hata miye sina meno ya mbele, na mishikaki nnakula."

Muziki ukaanza. Ghanim kashika ukuta wa uwanja kwa mikono miwili, akawa anahesabu. Mruko wa kwanza, kasimama. Wa pili, kasimama. Wa tatu mtoto kayumba, mkono ukakaribia kugusa barafu, Ghanim kafumba macho. Alipofumbua, gauni la buluu linazunguka kama pia. Mwisho ilikuwa asimame mbele ya waamuzi, mikono juu. Mikono ikapanda, lakini viatu havikusimama. Rawya akaendelea kuteleza, polepole, kichwa juu, akampita mwamuzi wa kwanza akampa tabasamu, wa pili akampa la kwake, mpaka wa tano, kama bibi harusi anayetolewa kwa wageni. Akaja kugota ukutani alipo Ghanim.

"Ami, breki hakuna!"

Watu walishainuka wanapiga makofi. Wasichana wawili wakubwa waliruka juu zaidi yake, wote wawili wakaanguka; wanne waliobaki hawakumfikia. Jina lilipotajwa, Rawya binti Thabit, bingwa wa nchi, Thabit alimkumbatia nduguye mpaka kofia zote mbili zikaanguka. Mwamuzi mmoja akamuuliza Abla nani kambunia mtoto mwisho mzuri ule. Abla akamnyooshea kidole Ghanim.

Wakarudi Al Amerat, wakala pilau, Sabah akatandaza mikeka chini ya kiyoyozi. Thabit ndiye wa kwanza kukoroma. Ghanim alikuwa kajilaza, macho darini. Rawya kaja na medali shingoni, kaweka viatu karibu na kichwa cha ami yake.

"Ami, mara nyengine pia utaninolea weye."

"Na meno?"

"Ukiyagusa nitakung'ata."

"Kwa meno gani?"

Rawya kafikiri. "Yanaota," akasema, na hapo hapo usingizi ukamchukua, kichwa juu ya mkono wa ami yake. Ghanim alitaka kuutoa mkono, umekufa ganzi, akaogopa kumwamsha. Akauacha. Na yeye akalala.