Alama Kumi za Binti Ogle

Matokeo yangu ya mtihani wa Cambridge yaliingia Garissa kwa lori la Salat, katikati ya magunia ya sukari, na kabla ya adhuhuri mtaa mzima ulikuwa umeshajua kwamba nimeanguka. Mimi mwenyewe nilikuwa bado nafurahi.

Aliyewatangazia ni Abdille, mfanyabiashara wa ng'ombe, baba mdogo wake Guleid. Guleid na mimi ndio tuliokuwa tumefanya mtihani ule katika ukoo wetu mwaka huo, yeye shule yake huko bara na mimi yangu. Abdille hakuwahi kukaa darasani, lakini tarakimu alizijua barabara, maana alizisoma ubavuni mwa ng'ombe mnadani tangu ujana wake. Akaziweka karatasi zetu pamoja juu ya gunia. Ya Guleid, jumla ya alama arobaini. Yangu, kumi. Akacheka kama mtu aliyeuza vizuri, akaagiza mbuzi achinjwe.

Nilimfuata hadi kwake. Nikamwambia, kwa adabu zote nilizokuwa nazo, kwamba katika mtihani huu alama zikiwa chache ndiyo vizuri.

"Batula, mwanangu," alisema, "aliyeshindwa mnadani huwa na maneno mengi."

Sasa mimi hasira zangu ziko karibu, na kwetu kila mtu analijua hilo. Nilimwambia basi aendelee kusoma ng'ombe, karatasi awaachie wenyewe. Mama yangu, Bishara, alinivuta shungi akanirudisha nyumbani. Kuanzia hapo hakuna mtu mzima aliyetaka kunisikiliza.

Yangekuwa maneno ya mtaani tu, ningemwachia Abdille mbuzi wake. Lakini ulikuwa mwanzo wa mwaka 1967 na vita vya shifta, wale waasi wa Kisomali waliokuwa porini, vilikuwa havijaisha. Hakuna Msomali aliyetoka Garissa bila kibali cha DC, mkuu wa wilaya, naye DC hakutoa kibali mpaka wazee wa ukoo waje waape kwamba mtu huyo hana mkono porini. Anayekuapia hubeba makosa yako yote, na siku zile makosa yalipatikana kwa urahisi. Kwa hiyo wazee wetu walikuwa wameamua: watamwapia mtoto mmoja tu, yule aliyefaulu zaidi. Msafara wa malori yanayolindwa na polisi ulikuwa unaondoka kesho yake kwenda Nairobi. Kidato cha tano kilikuwa kinafunguliwa wiki ile ile, na asiyefika, nafasi yake hupewa mwingine. Bila kidato cha tano na cha sita hakuna chuo kikuu. Guleid angefika Nairobi na arobaini zake, wangemrudisha langoni. Mimi ningebaki nikikamua mbuzi, na kumi zangu sandukuni.

Nililia, sitaficha. Kilichoniumiza zaidi ni baba. Ogle Adow hakunigombeza. Aliketi mlangoni, akaniambia, "Kumi si haba, binti yangu. Mimi sikupata hata moja." Alikuwa ananifariji, na kila neno lilinichoma.

Kikao cha wazee kilifanyika alasiri, uwanjani karibu na kituo cha polisi, kwa sababu mkutano wowote ulitakiwa kuwa mbele ya macho ya askari. Askari mmoja kijana wa kutoka bara alisimama pembeni na bunduki yake, jua likimchoma. Mimi na mama tulikaa nyuma. Msichana hasemi katika kikao cha wazee. Hata hivyo mtoto akiwa na swali kwa baba yake, baba akamruhusu, hakuna mzee anayeweza kumnyamazisha, kwani atakuwa amemvunjia baba heshima. Nilikuwa nimelifikiria hilo tangu adhuhuri.

Abdille alikuwa ameshamaliza hotuba yake kuhusu arobaini. Wazee walikuwa wanavaa viatu waende kwa DC. Nikasimama.

"Aabo, nina swali."

Baba aligeuka. Uso wake ulisema kaa chini, lakini mdomo wake ukasema, "Uliza."

Lazima niseme kidogo juu ya baba. Kabla serikali haijawachukua ngamia wake, aliishi Wajir, na kazi yake kubwa ilikuwa kupanga zamu visimani. Makundi yanapofika na kiu, yeye ndiye aliyeamua nani anywe kwanza na nani afuate, na wenye mikuki walimtii. Hakuna mtu aliyejua zamu kama yeye.

"Kisimani, Aabo, kundi la zamu ya kwanza na kundi la zamu ya tisa, lipi limebahatika?"

"Swali gani hilo? Wa kwanza hunywa maji. Wa tisa hunywa tope."

"Mtihani wangu ulikuwa na visima sita. Karatasi haihesabu mali niliyopata, inasema nilishika zamu ya ngapi. Hisabati, ya kwanza. Kemia, ya kwanza. Biolojia, ya kwanza. Historia ya pili, Jografia ya pili. Kiingereza ya tatu, hapo wako walionitangulia."

Niliona vidole vya baba vikitembea juu ya goti, kimoja kimoja, kama alivyozoea kupanga makundi. Akafika mwisho, akaanza tena. Nilimwona akielewa.

"Kumi," alisema polepole. Akawageukia wazee. "Visima sita, na jumla ya zamu zake ni kumi. Hata angetangulia kote, isingepungua sita. Mwajua maana yake? Amekunywa maji masafi kote." Kisha akamtazama Guleid. "Na wewe, kijana? Arobaini?"

Guleid alikuwa kimya siku nzima, na si ajabu, alikuwa ameshamla yule mbuzi wa sherehe yake. Alijikuna shingo.

"Mimi nilikunywa tope, Adeer Ogle," alisema, kama kijana amwitavyo ami yake.

"Visima vyote?"

"Jografia kulikuwa na maji kidogo."

Wazee waliangua kicheko, lakini Abdille hakukubali kushindwa upesi hivyo. Alimwita askari kwa Kiswahili chake cha mnadani.

"Bolisi, kwa mtihani ya shule, namba moja na namba tisa, gani iko mzuri?"

"Namba moja, mzee. Mimi nilipata tisa, ndiyo maana niko hapa juani na nyinyi."

Hapo hata Abdille alicheka. Alikuja mpaka nilipo, akavua kofia yake. "Nisamehe, binti Ogle. Kuanzia leo nitasoma ng'ombe tu." Ndiye aliyetangulia njiani kwenda kuniapia. Guleid naye alipata kazi ya ualimu hapa hapa Garissa, kazi isiyohitaji kibali, na tangu hapo amewafundisha watoto wengi kusoma matokeo.

Kwa DC, karani aliisoma karatasi yangu, akanyanyua macho. Baba alidhani anaidharau. Alikuwa ameshapaka kidole wino ili atie sahihi ya kiapo, akamwonyesha karani kidole hicho.

"Hii kumi ni ndogo," alisema. "Ndogo ndio kubwa. Wewe hajui?"

"Najua, mzee," karani alisema. "Sijawahi kuiona mezani kwangu tu."

Baba alikataa kunawa wino ule. Alizunguka nao sokoni, na kila aliyemsalimu alionyeshwa kidole na kupewa somo la visima, atake asitake.

Asubuhi alinisindikiza hadi kwenye lori la Salat. Malori yalikuwa yameshapangwa, askari wako mbele na nyuma. Mama alinipa kibuyu cha maziwa ya ngamia, akalia kwa furaha bila kujifuta. Baba alishika ubao wa lori.

"Baada ya kidato cha sita, kuna nini?"

"Chuo kikuu, Aabo, Inshallah."

"Na huko zamu zinapangwaje?"

"Sijui. Katika ukoo wetu hakuna aliyefika akaja kutuambia."

Baba akauachia ubao. Lori lilikuwa limeanza kuondoka, ikabidi apaze sauti, na mtaa mzima ukasikia.

"Basi zamu yako ni ya kwanza."