Mraba wa Sentimita Kumi

Jumamosi, saa kumi na dakika kumi na mbili alasiri, kifungo cha suruali kilikataa kufika kwenye tundu lake. Fundi alivua futi ya kupimia shingoni, akapima nafasi iliyobaki. Ilikuwa sentimita tatu.

“Vuta tumbo,” alisema.

“Nimeshalivuta,” alijibu mwenye suruali. “Hapa ndipo mwisho wake.”

Mwenye suruali alikuwa mwalimu wa udereva. Rafiki zake walimwita Breki, kwa sababu kwa miaka kumi na tisa alikuwa amekaa kiti cha abiria na mguu wake juu ya breki ya ziada. Hata akiwa sebuleni kwake, jambo likienda mbio mguu wa kulia ulikanyaga sakafu.

Suti hiyo ilikuwa ya harusi ya binti yake, wiki tatu mbele. Breki mwenyewe alioa kwa suti ya kuazima. Picha ipo ukutani: mikono ya koti imeshuka hadi kwenye kucha, na bwana harusi anaonekana kama mtu aliyezaliwa bila viganja. Binti alikua akiitazama picha hiyo. Alipokuwa na miaka sita aliuliza baba alipoteza wapi mikono. Alipochumbiwa alitoa sharti moja tu: “Baba, usiazime. Safari hii mikono yako ionekane.” Kwa hiyo Breki alikwenda kwa Fundi kushona suti ya kwanza maishani mwake.

Watu wanne walikutana dukani kwa Fundi kila Jumamosi saa kumi, mlango ukishafungwa, wakacheza karata juu ya meza ya kukatia nguo. Wa tatu alikuwa Sista, muuguzi wa kliniki ya watoto, ambaye kazi yake ilikuwa kupima uzito wa watoto wachanga na kutobishana na mama zao. Wa nne alikuwa karani wa ghala la vifaa vya ujenzi, mdogo wake mke wa Breki; kwa hiyo kwa Breki alikuwa shemeji na kwa bibi harusi alikuwa mjomba. Waliobaki walimwita Toleo.

Jina hilo alilipata kwa haki. Toleo alipenda programu za kompyuta kama wengine wanavyopenda mpira. Aliwawekea rafiki zake programu ambazo hawakuziomba. Sista alipewa ya kupanga orodha ya sokoni. Breki alipewa kengele ya asubuhi isiyonyamaza mpaka mtu ajibu hesabu ya kuzidisha. Aliinyamazisha siku ya pili kwa kuchomoa betri. Mazungumzo yoyote na Toleo, yawe ya mvua au ya msiba, yaliishia pale pale: kuna toleo jipya limetoka.

Kwa Fundi alikuwa amefanikiwa. Fundi alikata nguo kwa chaki kwa miaka ishirini na minane, na magoti yalikuwa yamechoka kupigwa sakafuni kila kitambaa kilipokuwa kirefu kuliko meza. Toleo alimwekea programu ya kuchora nguo. Ukiipa vipimo vya mtu, inachora vipande vyote. Printa inavitoa kwenye karatasi za kawaida. Unaziunganisha kwa utepe wa gundi, unaziweka juu ya kitambaa, unakata. Toleo aliandika pia mwongozo wa kurasa kumi na nne. Fundi aliufuata kama alivyofuata mshono, bila kutoka nje ya mstari. Aproni kumi na moja na sketi moja zilishonwa kwa njia hiyo. Zote zilikaa vizuri.

Alhamisi ya wiki iliyotangulia, siku mbili kabla ya karatasi za suti kutolewa, Toleo alipita dukani na laptopu yake.

“Limetoka toleo jipya,” alisema.

“La zamani lina ubaya gani?” aliuliza Fundi.

“Halina.”

“Sasa?”

“Hili ni jipya.”

Akaliweka. Ilimchukua dakika nne.

Sasa, kifungo kikiwa sentimita tatu kutoka nyumbani kwake, Breki alimtazama shemeji yake.

“Hiyo programu yako imekosea.”

“Shemeji, programu haina njaa, haina usingizi, wala haina upendeleo,” alisema Toleo. “Umenenepa.”

“Nimepimwa siku kumi na sita zilizopita!”

“Baba wa bibi harusi hualikwa kila mahali. Unakula kwa kila mtu.”

Breki alimgeukia Fundi. “Huwezi kuipanua?”

“Programu imeacha sentimita moja tu ya mshono. Mimi ningeacha tatu.”

“Inaokoa kitambaa,” alisema Toleo.

Sista alikuwa akichanganya karata. “Mnacheza au mnaomboleza?” aliuliza. Walicheza. Breki alicheza akiwa amesimama.

Tangu Jumatatu aliacha sukari, akaacha vitafunio vya saa nne, akaanza kwenda kazini kwa miguu. Ni kilomita mbili na nusu kwenda na hivyo hivyo kurudi. Wanafunzi wake walimpita kwenye magari ya mafunzo wakipiga honi. Mmoja alisimama akataka kumpa lifti. “Asante,” alisema Breki, “lakini nimekufundisha mwenyewe, najua ulipofikia.”

Kila jioni alipitia kliniki ya Sista, ambako kulikuwa na mizani moja ya watu wazima, ya kuwapimia akina mama. Sista aliandika namba kwenye kadi. Hakutoa maoni.

Jumamosi ya pili nafasi ilikuwa sentimita mbili na milimita mbili. Toleo alipiga makofi.

“Unaona? Suruali imesimama pale pale. Wewe ndiye unayesogea.”

“Nyamaza, shemeji. Nina njaa.”

Jumamosi ya tatu, ikiwa imebaki wiki moja, nafasi ilikuwa milimita tisa. Siku hiyo Fundi alikuwa amemaliza koti. Mwongozo, ukurasa wa tisa, ulisema kwamba programu imeondoa haja ya kujaribisha nguo ikiwa katikati ya kazi, kwa hiyo Breki alilivaa kwa mara ya kwanza likiwa na bitana na vifungo vyote. Alinyoosha mikono mbele, kama anayeshika usukani. Mikono ya koti iliishia juu ya mfupa wa kifundo cha mkono, na sehemu ya ngozi ikabaki wazi kabla ya kiganja.

Fundi alipima. “Sentimita mbili pungufu.”

“Mtoto alitaka mikono ionekane,” alisema Toleo. “Imeonekana.”

Breki alikuwa akiangalia mikono yake.

“Ni unene,” aliongeza Toleo, lakini kwa sauti ndogo zaidi. “Unene huvuta nguo juu.”

Sista aliweka karata zake mezani, kifudifudi.

“Mabega yamemkaa hivyo hivyo, yamebana kidogo. Lakini mkono haunenepi kwa urefu,” alisema. “Nimepima watu miaka ishirini na mbili. Hakuna hata mmoja aliyekula mpaka mkono ukarefuka. Fundi, leta daftari lako.”

Fundi alileta daftari. Kila kazi ilikuwa na ukurasa wake. Kwenye ukurasa wa suti ya Breki kulikuwa na vipimo kumi na vinne, na chini yake mstari mmoja: *Mraba: 9.7.*

“Mraba gani huu?” aliuliza Sista.

“Wa kwenye karatasi ya kwanza. Programu inachora mraba wa majaribio wa sentimita kumi. Mwongozo, ukurasa wa tatu: ‘Pima mraba kwa rula.’ Nikaupima.”

“Ukapata tisa nukta saba.”

“Nikapata tisa nukta saba. Nikaandika.”

“Na hukuona kwamba si kumi?”

“Niliona. Ndiyo maana nikaandika.” Fundi aliufungua mwongozo, akaweka kidole. “Tafuta hapa paliposema nifanye nini nikishapima. Ukurasa wa nne unaanza na gundi.”

Toleo aliuvuta mwongozo, akausoma ukurasa wa tatu, akageuza, akausoma wa nne. Kisha akafungua laptopu na kuingia mahali pa kuchapisha. Kulikuwa na kisanduku kidogo chenye maneno *Punguza ili itoshe karatasi*. Kwenye toleo la zamani kisanduku hicho kilikuwa kitupu. Kwenye toleo jipya kilikuja na alama ya vema. Kila kipande cha suti kilikuwa kimepunguzwa asilimia tatu.

Aligeuza laptopu ili wote wakione kisanduku.

“Ni mimi,” alisema.

“Ni wewe nini?” aliuliza Breki.

“Hukunenepa, shemeji. Suti nzima ni ndogo. Niliweka toleo jipya, na mwongozo ni wa toleo la zamani.”

Mguu wa Breki ulikanyaga sakafu.

“Nimeacha sukari siku kumi na tatu.”

“Ndiyo.”

“Nimekwenda kazini kwa miguu siku kumi.”

“Ndiyo, shemeji.”

“Kilomita hamsini,” alisema Breki, “kwa alama ya vema.”

Alivua koti, akalitundika taratibu, akavaa shati lake. Mlangoni aligeuka. “Harusi ni Jumamosi, saa nne. Nikiingia pale na suti ya kuazima, picha ya pili nitaitundika nyumbani kwako, ukutani mbele ya hiyo laptopu.”

Kwenye jora kilikuwa kimebaki kitambaa cha kutosha. Toleo aliondoa alama ya vema, karatasi zikatolewa upya, na Fundi akapima mraba mbele ya mashahidi. Ulikuwa kumi kamili. Toleo aliandika kwa kalamu chini ya ukurasa wa tatu: *Usipokuwa kumi, usikate.* Kisha akaunganisha karatasi zote thelathini na nne kwa mkono wake, akipiga magoti sakafuni. Jumatatu, Jumanne na Jumatano alitoka ghalani akaja moja kwa moja dukani, akachoma pini na kufagia vipande. Hakutaja programu yoyote. Fundi alishona siku nne, akiahirisha kazi nyingine zote.

Ijumaa, saa kumi alasiri, Breki alivaa suti ya pili. Mabega yalikaa. Mikono ya koti iliishia hasa pale mfupa unapoishia. Alifunga kifungo cha suruali, akaachia, na suruali ikaanza kushuka.

Waliitazama ikishuka.

“Programu ni sawa!” alisema Toleo. “Mraba ulikuwa kumi!”

“Vipimo ni vile vile vya kwenye daftari,” alisema Fundi. “Mtu hapimwi mara mbili kwa suti moja. Sijawahi.”

Sista alitoa kadi mkobani. “Siku ya kwanza kilo themanini na nane. Jana themanini na tatu; hakuacha kutembea.”

“Sista! Kwa nini hukusema?”

“Mlikuwa mnapima mraba.”

Fundi alishika kiuno cha suruali kwa nyuma, akabana kwa vidole. “Naipunguza sasa hivi. Saa mbili za kazi.”

“Ngoja,” alisema Breki.

Suruali ya kwanza ilikuwa bado imetundikwa ukutani. Aliishusha, akaingia nyuma ya pazia. Walisikia sauti ndogo ya kifungo kupita kwenye tundu. Alitoka. Kiuno kilikaa kama kilichopimwa siku hiyo. Miguuni ilikuwa fupi kwa sentimita tatu, na soksi zote mbili zilionekana.

“Nitavaa hii.”

“Nyingine itakaa vizuri zaidi nikiipunguza,” alisema Fundi.

“Hiyo umenishonea wewe. Hii nimeitolea jasho.”

Fundi aliinama, akageuza pindo. “Nimeacha sentimita nne za pindo,” alisema. “Hapa sikufuata programu.”

Toleo alikaa kwenye kigoda na wembe, akafumua pindo la mguu wa kwanza, kisha la mguu wa pili, uzi mmoja mmoja. Fundi aliteremsha sentimita tatu, akashona upya, akapiga pasi mpaka mstari wa zamani ukatoweka. Walimaliza saa kumi na moja na dakika thelathini na tano. Laptopu, iliyokuwa wazi kwenye kona ya meza, ilitoa mlio na kutangaza kwamba toleo jipya limetoka. Toleo aliinuka, akabonyeza *Baadaye*, akaifunga.

Jumamosi, saa nne na dakika saba asubuhi, milango ya ukumbi ilifunguliwa. Breki aliingia na binti yake, amevaa koti la pili na suruali ya kwanza. Mpiga picha alikuwa amesimama mbele, hatua kumi. Binti alishusha macho akaangalia mkono wa baba yake, kiganja, vidole vyote vitano, akaushika. Binti alipoongeza mwendo, mguu wa kulia wa Breki ulikanyaga sakafu. Walisimama kidogo, kisha wakaendelea. Picha ikapigwa. Kifungo kilikuwa kwenye tundu lake.