Ukuta wa Jiko la Zubeida

Jumamosi asubuhi Zubeida alikuwa uani kwake, mtaani Shika Adabu, akimsuka bintiye Israa. Mtoto akachoka, akaegemea ukuta wa jiko. Pale juu ya chokaa kikatokea kichwa chake kwa ndani: ubongo wote, mkunjo kwa mkunjo, na huko kisogoni donge mfano wa zambarau.

Zubeida alimaliza msuko alioushika, ndipo akamwita mamake.

"Wallahi, mtoto huyu ana akili," alisema Bi Mwanakheri, akivaa miwani. "Tazama zilivyosongamana. Za babake hazikuwa hivi."

"Na hilo donge, mama?"

"Hilo ndilo linalomtapisha."

Israa alikuwa akitapika kila alfajiri, na akitembea alipepesuka. Daktari Clifford, wa hospitali ya ng'ambo, alishuku uvimbe, ila hangeweza kumpasua bila picha, na mashine ya picha ilikuwa mbovu. Waliambiwa fundi yuko njiani. Alikuwa njiani tangu mwaka juzi.

Daktari alipopata habari, akavuka feri. Alipiga hodi, akavua viatu, akamwomba Israa ageuke kulia, kisha kushoto. Picha nayo ikageuka.

"Safi kuliko ya mashine," alisema. Akaipiga picha kwa simu. Simu ikatoa ukuta mtupu na kuku wa jirani. Basi Zubeida akatandaza leso kuukuu ya kujifunga ukutani, picha ikapenya, na Bi Mwanakheri, aliyewapamba maharusi wengi, akafuata kila mshipa kwa rangi nyeusi ya piko. Israa alikatazwa kucheka, maana akicheka donge lilitikisika.

Daktari aliitundika leso katika chumba cha upasuaji, na maandishi yake: MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Zubeida alingoja nje, akitafuna ncha ya buibui. Mlango ulipofunguliwa, alitokea daktari.

"Limetoka lote, mama."

Zubeida akalia kwa sauti, akaombwa apunguze. Israa alipozinduka aliuliza nywele zake ziko wapi.

Mkurugenzi wa hospitali alifurahi mno, akamwambia fundi arudi alikotoka. Zubeida alipokwenda kumuuliza, alijibiwa kwa heshima: "Mashine ya nini, mama, na ukuta upo?"

Sasa watoto wanatumwa kwake kutoka Magongo na Kisauni. Juzi mama mmoja, Nduku, aliingia na mwanawe mgongoni, akatazama masufuria, akatazama foleni.

"Samahani, hapa ndipo hospitali?"

"La, dada. Hospitali iko ng'ambo," alijibu Zubeida, akimsogezea mkeka. "Hapa ni jikoni. Mwegemeze mtoto."