Marisau Namba Saba

Jumamosi, tarehe kumi na tisa Julai. Asubuhi kulikuwa na ukungu mzito na baridi ya kuingia mifupani. Upepo haukuwapo kabisa. Matete ya bwawani yalisimama wima kama yamechorwa.

Nimeanza na tarehe kwa sababu ndivyo mwalimu wetu wa masomo ya jioni anavyotufundisha. Nina miaka arobaini na minane, ni fundi baiskeli, na kusoma nimeanza mwaka jana tu. Kila siku kabla ya kufungua daftari huomba nisisahau ya jana.

Mjomba wangu, kaka wa marehemu mama, amewinda bata wa majini tangu kabla sijazaliwa. Baada ya kustaafu na kumzika mkewe, kitu pekee kilichomtoa kitandani kilikuwa bwawa lile na bunduki yake ya marisau. Lakini msimu uliopita alijeruhi bata wawili wakapotelea matetani, na askari wa wanyamapori akamwandikia onyo: akijeruhi tena ndege asipatikane, atarudisha kibali. Mjomba hakulalamika. Alisema ndege uliyemwachia maumivu hukufuata mpaka mezani.

Macho yake huona mbali, karibu hayaoni. Kwa hiyo alinituma mimi dukani, akinitania kwamba ukoo sasa umepata msomi. Nilitakiwa kununua risasi za marisau, zile za punje nyingi ndani, namba nne. Zikikosekana, nichukue zenye punje kubwa zaidi, nisithubutu kuchukua ndogo, kwani bata ana manyoya mazito na punje ndogo humchoma tu bila kumwua.

Namba nne zilikuwa zimekwisha. Zilibaki pakiti za namba mbili na za namba saba. Mama muuzaji aliniuliza nawinda ndege gani, nami nikamjibu kwamba nimeshaelekezwa. Niliona aibu kuonekana sijui. Kuuliza si ujinga, nimeandika sentensi hiyo ubaoni kwa mkono wangu mwenyewe, lakini siku hiyo haikunisaidia. Nilifikiri kifundi: spana namba kumi na saba ni kubwa kuliko namba kumi, na saba ni kubwa kuliko nne. Nikalipia namba saba. Nikamshukuru Mungu palepale kaunta kwa kunifungua macho ukubwani.

Alfajiri ya Jumamosi, bwawani, mjomba aliishika pakiti, akaigeuzageuza, akaniuliza kama ndizo. Nikamwambia nne hazikuwepo, nimechukua kubwa zaidi. Akanipiga begani, akazijaza mfukoni. Mwenye mtumbwi tuliyemkodi, mtu wa mzaha, alisema bata wakiniona na kalamu sikioni watajisalimisha wenyewe. Tulicheka sote watatu.

Ukungu ulipoanza kupanda, kundi likapita juu yetu. Mjomba alifyatua mara mbili na hakukosa. Niliona manyoya yakiruka. Ila bata hawakuanguka. Mmoja alishuka upandeupande akipigapiga maji kwa bawa moja. Wa pili aliendelea kuruka mguu ukining'inia, akadidimia ndani ya matete, mbali.

Yule wa kwanza tulimfikia, mwenye mtumbwi akammaliza upesi. Wa pili hatukumwona. Niliingia majini mpaka kifuani, nikayapasua matete kwa mikono. Sikuomba muujiza. Niliomba sauti moja tu, nijue pa kwenda. Nikaisikia kweli, mtikisiko mdogo kushoto kwangu, nikaenda, na hapakuwa na kitu. Haikurudi tena.

Nilipotoka, mjomba alikuwa amekaa ukingoni na kisu. Alikuwa ameichana risasi moja na kumimina marisau kiganjani. Hakuhitaji macho, alizipapasa punje kwa kidole gumba. Zilikuwa ndogo kama mtama.

"Mpwa wangu," alisema taratibu, "hizi ni za njiwa. Kwenye marisau namba ikipanda, punje hupungua. Mbili ndiyo kubwa."

"Spana haziendi hivyo, mjomba."

"Najua. Nilipaswa kukwambia."

Angenitukana ningepumua.

Askari wa wanyamapori alifika saa sita kukagua, akauliza ndege wangapi wamepigwa na wangapi wamepatikana. Mjomba angeweza kusema mmoja na mmoja. Alisema wawili, na mkononi mmoja. Nikaingilia kati, nikaeleza kila kitu: duka, pakiti, spana, aibu yangu. Askari alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu mzuri, na hilo lilinivunja zaidi.

"Kaka, nimekuelewa. Lakini kibali kina jina la aliyefyatua."

Alitupa muda mpaka saa kumi. Akavua buti akaingia majini naye. Tulitafuta watu watatu, mjomba akituelekeza kutoka ukingoni kwa macho yake ya mbali, kulia kidogo, rudi, hapohapo. Tulipata manyoya mawili na mayai ya ndege mwingine, ambayo tuliyaacha. Saa kumi ikafika. Nilisali nikiwa nimesimama kwenye tope, na maji yakabaki maji.

Kibali kikirudishwa, mwenyewe hutamka ahadi mbele ya mashahidi wawili, kisha mashahidi hutia sahihi. Mwenye mtumbwi alitia yake bila mzaha. Askari akanisogezea kidau cha wino kwa ajili ya dole gumba.

"Huyo anaandika," mjomba alisema.

Niliandika jina langu lote, herufi moja baada ya nyingine, na sikukosea hata moja. Ilikuwa karatasi yangu ya kwanza nje ya darasa. Mjomba alingoja nimalize. Akasimama, akavua kofia, akamkabidhi askari bunduki kwa mikono miwili, akatazama kule matete yalikommeza yule bata.

"Mbele ya mpwa wangu na mbele ya huyu mwenye mtumbwi," alisema, "naahidi sitampiga ndege tena maisha yangu yote."