Boti Iliyokaa Sawa

Usijifanye hukuwepo. Jumapili ile ya Septemba, mwezi ulipogeuka mwekundu, ulisimama nje umeinua shingo na simu. Picha zako zilizunguka hadi zikafika kwangu. Nyuma yako kulikuwa na ziwa, na ndani ya ziwa kulikuwa na watu. Hukugeuka.

Basi geuka sasa, nikuambie ulichokipa mgongo.

Dada yangu Seline anaanika omena, dagaa wa ziwani, kwenye ufuo wetu, nje kidogo ya Kisumu. Mume wake, Absalom, alikuwa mvuvi wa omena katika boti ya mtu mwingine. Hapa kwetu boti ni za wenye pesa, na maji ni ya wenye shida. Siku moja alirudi kutoka soko la Kibuye amebeba bomba jeupe begani na miguu mitatu ya chuma kwapani.

"Baba Debra, hiyo paipu ni ya nini na sisi mfereji hatuna?" Seline akamuuliza.

"Si paipu. Ni darubini. Ya kuangalia nyota."

"Kwani nyota zimetukosea nini?"

Ilikuwa ya binti yao. Debra alikuwa ameiomba tangu aliposoma shuleni kwamba kuna sayari iliyovaa pete. Tuliisimamisha uani, katikati ya nyavu za kuanikia omena, tukaanza na mwezi kwa sababu ndio uliokuwepo. Majirani walipanga foleni. Nasambu, mama wa chapati aliyetoka Bungoma, alichungulia.

"Kumbe hata huko juu barabara ni mashimo tu," akasema.

Jambo moja lilitusumbua mwanzoni. Darubini ile iligeuza kila kitu juu chini. Tukiielekeza kwenye mti, mizizi iko juu. Tukiielekeza kwa Nasambu, amening'inia kama popo, chapati zake haziangukii mtu. Debra akatafuta, akatueleza kwamba si ubovu. Darubini nyingi za nyota ndivyo zilivyo, na angani hakuna wa kulalamika, maana huko hakuna juu wala chini. Tukazoea.

Ile sayari yenye pete, Zohali, aliipata wiki kadhaa baadaye. Mwaka ule pete zilikuwa zimelala ubavu, ikaonekana kama shanga iliyochomwa sindano. Seline aliitazama mpaka akasahau ugali jikoni. Mimi pia niliitazama. Nimepigana na serikali tatu na sikuwa nimewahi kuona kitu ambacho hakuna mheshimiwa aliyekiwekea jina lake.

Absalom peke yake hakuiona. Omena hufuata taa, na taa inafaa kitu pale tu ambapo hakuna mwezi. Usiku wa giza, ambao ni mzuri kwa nyota, yeye yuko majini. Mwezi ukijaa, boti zinapumzika, anarudi nyumbani, na anga lote limeoshwa na mwanga. Kila alipochungulia alikuta mwezi uleule.

"Mimi nimeozwa huu mwezi," alikuwa akisema. "Hata talaka sipewi."

Ndipo Debra akaja na habari. Jumapili ile mwezi mpevu ungepatwa. Ungezimika jioni, watoto wakiwa bado macho, na Zohali ingekuwa karibu na mwezi. Giza, na baba yuko nyumbani, siku moja. Alimwambia kila mtu, kanisani, dukani, kisimani. Absalom alinunua shati.

Lakini habari haina mlango. Okinyi, mwenye boti, naye akaisikia. Jumapili mchana akaja uani kwetu.

"Absalom, leo mnashuka majini."

"Bosi, leo ni mbalamwezi. Kila mtu amepumzika."

"Mwezi utazimwa, si mtoto wako ndiye anatangaza? Ukizimwa, omena watakuja kwa taa, na sisi tuko peke yetu ziwa nzima."

"Upepo wa wiki hii si mzuri."

"Basi kaa. Vijana wa Awasi wako pale barabarani wanatafuta nafasi."

Nilimwambia Absalom akatae. Nilimwambia kwa sauti, Okinyi akiwa bado amesimama pale.

"Shemeji, wewe hasira yako inalisha nani?" Absalom akaniuliza, bila ubaya. Jibu lake bado nalitafuta.

Debra hakulia. Aliuliza tu, "Na pete, Baba?"

"Nitaiangalia kutoka majini. Wewe niangalie mimi kwanza, uone kama nimesimama vizuri."

Wakaondoka wanne, jua likiwa limeingia nyuma ya vilima na maji bado yanang'aa. Debra akaigeuza darubini kutoka angani, akaielekeza ziwani. Tukachungulia kwa zamu. Boti ilikuwa imebandikwa juu kama mjusi kwenye dari, na wanaume wanne wameelekeza vichwa chini. Mmoja akainua mkono.

"Baba anapunga mkono kwa miguu," Debra akasema, na Seline akacheka hadi akashika tumbo.

Upepo ulitoka upande wa Nyando. Ulipeperusha omena zetu, nasi tukakimbilia nyavu. Debra hakuondoka kwenye darubini. Tuliporudi alikuwa anatabasamu.

"Nera," akaniita, kama tunavyowaita wajomba zetu. "Darubini imejitengeneza. Boti sasa imekaa sawa."

Niliinama. Boti ilikuwa imekaa sawa kabisa, tumbo chini, kama boti katika picha ya kitabu. Haikuwa na mtu ndani.

Nilielewa kabla ya Seline: darubini ilikuwa bado inageuza. Nilikimbia.

Ufuo wetu una boti ya uokoaji. Iko chini ya banda la mabati lenye kufuli. Nakumbuka siku ilipoletwa: hema, viti vya plastiki, utepe mwekundu. Nakumbuka wavuvi wakivalishwa jaketi za kuokolea ili wapigwe picha, kisha jaketi zikakusanywa zisichafuke. Ziko ndani ya banda lilelile. Mwenyekiti wa kamati ya ufuo ndiye mwenye ufunguo, na mwenyekiti alikuwa mjini, mtaa wa Migosi, kwenye harusi. Niligonga kufuli kwa jiwe mpaka mkono ukatoka damu. Nilipopata mwanya wa kuchungulia ndani, nikaona hata injini haipo.

Tulishuka na mtumbwi wa kasia. Tulirudi na wawili. Absalom hakuwa mmoja wao. Ziwa lilimrudisha baadaye, akiwa na shati jipya. Tulipokuwa tukipiga kasia, mwezi ulikuwa unaliwa taratibu, na ufuo mzima ulikuwa na taa za simu, zote zikitazama juu. Tuliita. Mlidhani tunashangilia.

Nimeandika barua. Nimesimama kwenye baraza la chifu hadi nikanyang'anywa kipaza sauti. Okinyi ana boti nyingine. Kufuli ni jipya. Sina tumaini kwamba maneno haya yatafanya lile ambalo jiwe halikufanya.

Debra haangalii tena nyota. Kila jioni anaelekeza darubini ziwani, anafuata boti moja moja mpaka giza linamshinda.

"Zote ziko juu chini, Nera," ananiambia. Ndipo Seline anaweza kupika.

Wewe umesoma mpaka hapa, na najua dole lako liko wapi kwenye simu. Usipite. Boti zinashuka leo jua likielekea vilimani, na jaketi ziko ndani ya lile banda, kavu. Nyumba ya mwenyekiti unaijua. Nenda kabla hazijashuka, umwombe ufunguo mbele ya watu. Akikuambia urudi kesho, nimekuachia nyundo pale mlangoni pa banda.