Shamba Lisilo na Kaburi

Mji wa Ngara ulipojaa watu wa mashirika waliokuja kuhudumia wakimbizi, wenye nyumba walipandwa na wazimu. Hata banda la kuku likipigwa chokaa lilipangishwa kwa dola. Mzee Bizimana, mwenye nyumba niliyopanga, alinijia asubuhi moja, hata salamu hakumaliza.

"Leonsia, kuna wazungu wanaitaka nyumba hii. Kwa kuwa wewe ni mpangaji wa siku nyingi, nakupa nafasi ya kwanza uinunue. Ukishindwa, mwisho wa mwezi utoe vyombo."

Nyumba yenyewe vyumba vitatu, bati limeota kutu. Lakini uani ndiko nilikowapikia madereva wa malori ya chakula cha msaada, na wali na maharage hayo ndiyo yaliyosomesha wanangu tangu nifiwe. Nikiondoka pale, wateja ningewapata wapi tena?

Nikaenda kwenye chama cha kuweka na kukopa. Bwana mikopo, kijana wa Biharamulo aitwaye Wiston, aliniamkia shikamoo, akanivutia na kiti. Nilipotaja jina, uso ukambadilika. Mimi na marehemu mume wangu, Gidioni, tulikopa pale kwa ajili ya kahawa. Gidioni akaugua, pesa ikaishia hospitali, na deni tukalilipa kwa kuchelewa misimu miwili. Tulilimaliza, lakini kulimaliza hakukusaidia kitu. Jina letu lilikuwa limeshaoza.

"Mama, mtu mwenye historia kama yako tunamkopesha kwa dhamana ya shamba tu," alisema. "Tena liwe linaloweza kuuzika. Lenye kaburi hatupokei. Nani atalinunua?"

Sisi Wahangaza mtu wetu tunamzika nyumbani, kwenye migomba yake. Shamba letu la Kanazi lina kaburi la Gidioni katikati.

Nilimweleza Xavery, mdogo wake Gidioni, kwa sababu shamba la ukoo haliwekwi dhamana bila yeye kukubali. Akacheka.

"Shemeji, hilo ni dogo. Nipe chumba cha mbele cha hiyo nyumba nifungue duka la vinywaji, mengine niachie mimi. Mlete huyo bwana mikopo Alhamisi."

Nikadhani atatenga kipande cha pembeni, upande usio na kaburi. Nikamshukuru, na chumba nikamwahidi.

Alhamisi nikafika Kanazi na Wiston. Xavery alitupokea amevaa koti lake la kanisani, maana ni mzee wa kigango, na mkononi ana kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi. Akatutembeza shambani huku akisifu mikungu. Mimi nikawa nalitafuta kaburi kwa macho, silioni. Tuta lilikuwa limesawazishwa na kupandwa maharage, udongo bado mbichi. Msalaba niliomlipa seremala auchonge, ameung'oa, ameufanya nguzo ya kuegemeza mgomba ulioelemewa na mkungu. Jina la Gidioni lilikuwa limetazama chini.

Nilishika mgomba nikatema mate. Kinachonitia kinyaa mpaka leo si jembe peke yake, ni ule unadhifu. Mistari imenyooka! Mtu mzima, anayepiga goti kanisani kila Jumapili, amevuta kamba na kupima mistari juu ya kifua cha kaka yake.

"Mzee, humu hakuna kaburi?" Wiston aliuliza.

"Kaburi?" Xavery akafuta povu la rubisi mdomoni. "Humu tunazika migomba iliyozeeka tu."

Akacheka peke yake, kisha akanikonyeza. Akanikonyeza mimi, mjane wa kaka yake!

Wiston alishatoa kalamu. Nyumba niliiona kabisa machoni: uani, masufuria, watoto wangu na sare zao. Sikuhitaji hata kusema uongo. Nilihitaji kunyamaza tu.

"Mwanangu," nikamwambia Wiston, "hapo uliposimama umemkanyaga mume wangu."

Kijana wa watu aliruka mpaka nje ya mistari, akavua kofia.

"Samahani, mama. Samahani sana, sikujua."

Akaitazama miguu yake, akaifuta kwenye majani. Halafu akarudisha kalamu mfukoni, na hakuna aliyehitaji kunieleza maana yake. Mimi nikauendea ule mgomba, nikaanza kuuvuta msalaba.

Xavery alishika kichwa kwa mikono miwili. Machozi yalikuwa yanamlengalenga.

"Umenimaliza, shemeji! Chumba changu, jamani, chumba changu!"

Alililia hicho chumba akiwa amesimama palepale katikati ya maharage, na mguu hakuuondoa.